Ufa Nilioufuta kwa Penseli

Bwera, Jumapili jioni, Januari 1974

Mwanangu Baluku,

Baba yako ameshamaliza yake. Nimemwona akikuandikia karatasi mbili nzima: usimwachie mtu mzigo akushikie, usinunue chakula dirishani treni ikiwa imeanza kusogea, ukilala uvifunge viatu pamoja na mguu wako. Hayo mimi sitayagusa. Ukifika Kampala peku, utamjibu yeye.

Mimi nina jambo moja, na nimelibeba tangu Septemba. Picha ya kichwa chako cha udongo cha Nyanya tuliyoipeleka chuoni Kampala si ya kweli. Ule ufa unaoshuka kutoka nyuma ya sikio la kushoto mpaka shingoni, niliufuta. Niliuziba kwa penseli kwenye negativi, nikaosha picha, nikaitia ndani ya bahasha na kuigundisha kabla hujarudi kutoka shambani. Walimu waliokuita hawajawahi kuuona.

Najua unaamini vingine. Siku barua yao ilipofika uliingia studio bila kubisha, mteja akiwa amekaa mbele ya kamera, ukapaza sauti: "Mama, wameuona ufa na bado wananitaka!" Yule mteja alikuwa mzee wa kanisa, ameshikilia pumzi ili asitikisike. Akasema bila kufungua meno, "Hongera kijana. Sasa nipumue au nisipumue?" Tulicheka wote watatu. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Kwa hiyo Jumatano, utakapofungua sanduku mbele ya mwalimu na kuondoa majani makavu ya migomba, yeye atakiona kichwa kingine, siyo kile alichokipenda. Atafikiri kimepasuka njiani. Au atafikiri alidanganywa. Atakuuliza, na wewe hutaelewa hata swali lenyewe. Siwezi kukuacha uingie pale hivyo.

Ili unielewe, nianzie mbali kidogo.

Unajua kwamba nilianza na udongo kabla ya kamera. Hujui jinsi nilivyouacha, kwa sababu kila uliponiuliza nilikujibu kwamba kazi zilikuwa nyingi. Hilo halikuwa jibu.

Nilipomaliza shule kwa masista wa Beni, ng'ambo ya mpaka, nilirudi kwetu Bugoye na vitu viwili ambavyo wasichana wenzangu hawakuwa navyo: Kiswahili cha kuandika, na daftari la shajara. Tangu wakati huo sijalala bila kuandika tarehe na angalau mstari mmoja. Siku uliyozaliwa niliandika: "Mvulana. Mvua tangu alfajiri. Ana vidole virefu." Nyumbani nilimkuta Nyanya yako akifinyanga vilevile kama nilivyomwacha, pembeni mwa jiko, na mto Mubuku ukivuma bondeni. Yeye alifinyanga vyungu vya kupikia na mitungi ya maji. Mimi nilitaka kufinyanga watu.

Kichwa changu cha kwanza kilikuwa cha shangazi yangu. Nyanya alikizunguka mara mbili.

"Chungu kina kazi," akasema. "Hiki kitapika nini?"

"Hakipiki, mama. Kinatazama."

"Basi kigeuze upande wa pili. Kinatazama maharagwe yangu."

Nilivipenda vile vichwa kuliko kitu chochote. Lakini kimoja kilinichukua mwezi mzima, kisha kikakauka wiki tatu, kisha kikaingia motoni, na mara nyingi nilichotoa motoni kilikuwa vigae. Hata vilivyopona, watu walivitazama kama unavyomtazama mtoto wa jirani anayesema peke yake. Nilipoolewa na baba yako tukahamia hapa Bwera, nilikuja na vichwa vinne ndani ya kapu. Viwili ndivyo vile unavyoviona dirishani.

Kisha akaja Papa Deo. Wewe ulikuwa mdogo, labda unakumbuka kofia yake tu. Alikuwa mpiga picha wa Butembo aliyeuvuka mto Lhubiriha wakati wa vita vya kwao, kamera yake ikiwa ndani ya kikapu chini ya unga wa muhogo. Alipanga chumba chetu cha mbele. Alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari hata anapokoroga dawa za kuoshea picha. Wiki ya kwanza alinipiga picha nikiwa nimekubeba, na kesho yake asubuhi akaniletea. Nilikaa chini. Uso mzima, macho, hata mkunjo wa kitambaa, kwa siku moja.

"Mama Baluku," akaniambia, "udongo yako inazaa sawa tembo. Miye ninazaa sawa kuku. Kila siku yai."

Nikataka kuwa kuku. Ndiyo habari yenyewe, mwanangu. Nilijifunza kwake kupima mwanga kwa kiganja, kuchanganya dawa, kufanya kazi gizani kwa vidole. Amani iliporudi kwao alivuka tena mto, akaniachia kamera ya zamani. Nikaandika jina la studio juu ya mlango kwa rangi ya buluu, na mwanamke mwenye kamera akawa kitu cha kuja kutazama kutoka Kisinga. Sijutii kamera. Ninachojutia ni sababu ya kuishika. Udongo ulinikawiza na haukunisifu. Kamera ilinisifu siku hiyohiyo. Niliona sifa nikadhani ni wito. Miaka mitano sikugusa udongo, na vidole vyangu vilikuwa laini kama vya karani.

Kitu kimoja zaidi nilijifunza kwa Papa Deo: penseli na wembe. Picha inapotoka kwenye maji huwa bado negativi, nyeupe ni nyeusi na nyeusi ni nyeupe. Ukipitisha penseli iliyochongwa kama sindano juu ya mstari, mstari huo unapotea kwenye karatasi. Ukikwangua kwa wembe, pale panakuwa kivuli. Kwa vitu hivyo viwili unaweza kumwondolea mtu makovu, mikunjo, jino lililopotea, usingizi. "Mutu hanunue sura yake," Papa Deo alikuwa akisema. "Ananunua sura yenye anapenda." Nami nilikuwa na mkono wa mfinyanzi, kwa hiyo nilimpita mwalimu wangu. Nilikuwa naifinyanga sura upya kwenye filamu. Watu walitoka Kasese kuja kufanywa wazuri.

Sasa nikuambie habari ya Mama Kavira, ambayo baba yako anaijua nusu.

Mama Kavira alikuwa akivuka kutoka ng'ambo kila siku ya soko na mafuta ya mawese. Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, na alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo ambao huku milimani wengi wanao. Lake lilikuwa kubwa kama embe. Alilifunika kwa kitenge hata jua likiwa kali. Wakati huo walianza kudai kipande cha kuvukia chenye picha pale mpakani, naye akaja kwangu akiwa na mtoto wa miezi mitatu mgongoni.

"Utanipiga foto muzuri?"

"Nitakupiga vizuri, mama."

"Miye ni mubaya, lakini foto itoke muzuri. Wewe unajua. Wanasema mukono yako ni ya malaika."

Nilimwambia aondoe kitenge shingoni, kwa sababu sheria ilitaka shingo ionekane. Nikampiga. Usiku nikaketi na wembe. Nilikwangua taratibu upande wa chini wa kidevu mpaka rovu lote likazama ndani ya kivuli, nikamwachia shingo kama ya msichana wa miaka kumi na sita. Nilijivunia kazi ile. Alipoiona alinishika mikono yote miwili, akalia, akacheka, akawaonyesha wanawake wote wa soko la mawese.

Siku ya soko iliyofuata, askari wa mpakani alikitazama kipande, akamtazama yeye, akamfungia ndani.

Alilala pale siku mbili. Mtoto alikuwa amebaki ng'ambo na dada yake, bila ziwa. Habari zilinifikia siku ya pili mchana, nikaenda mbio na negativi ndani ya bahasha. Nilimkuta amekaa chini ukutani, kitambaa cha kifuani kimelowa maziwa. Askari alikuwa kijana wa mbali, mwenye Kiswahili cha jeshini.

"Wewe! Simama hapo. Hii picha iko ya nani?"

"Ya huyu mama, afande."

"Huyu iko na kitu kwa shingo. Kwa picha hapana. Imeenda wapi?"

"Nilikitoa, afande."

"Ulitoa na nini? Wewe daktari?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kucheka.

"Kwa wembe, afande. Kwenye filamu."

"Basi toa na hapa, aende nyumbani."

Walicheka zaidi. Nikaitoa negativi, nikaiinua kwenye jua, nikamwonyesha pale nilipokwangua. Hakuelewa. Akamwita Mama Kavira asimame kando yangu, anyooshe shingo, nami nionyeshe kwa kidole kwanza kwenye filamu, kisha kwake: hapa, na hapa. Nilifanya hivyo mbele ya watu wote. Kidole changu kiligusa rovu lake. Lilikuwa la moto. Baada ya hapo askari alimwachia, akisema kwamba yeye hataki picha za wachawi mpakani kwake.

Tulitembea pamoja mpaka darajani. Nilimwomba radhi mara nyingi, sikumbuki ngapi. Tulipofika ndipo akaniambia, bila hasira hata kidogo:

"Miye niliomba foto muzuri. Sikuomba foto ya mutu mwingine."

Wiki iliyofuata alirudi. Nilidhani amekuja kudai haki yake. Alivua kitenge mwenyewe, akakitupa kando, akainua kidevu. "Piga yote," akasema. "Hata hii." Ile picha ya pili ninayo. Ni mwanamke anayekutazama mpaka unanyoosha mgongo. Mtoto wake alipona, sasa anachunga mbuzi.

Niliandika kwenye shajara: "Alhamisi. Sitafuta tena kitu kilicho kwenye uso wa mtu." Na sikufuta. Wengine waliniacha wakaenda kwa mpiga picha wa Kasese, ambaye hadi leo anawatoa wote wakiwa na ngozi moja. Waliobaki nilianza kuwapiga kama mfinyanzi anavyokizunguka kichwa: mbele, upande, upande wa pili, kisogo. Baba yako aliniuliza ni nani atanunua kisogo. Kisha akaja mjane mmoja wa Kisinga, akaziona picha nne za mume wake, akachagua kisogo. "Miaka ishirini tumekwenda shambani yeye mbele mimi nyuma," akasema. "Huyu ndiye mume ninayemfahamu."

Siku ile nilirudi kwenye udongo. Kwa hiyo usidhani kamera iliniibia tu. Iliniibia na ikanirudishia, kwa njia ya kuzunguka.

Nawe wakati huo ulikuwa umeshakuwa mwanafunzi wa Nyanya. Yeye alikuwa amehamia kwetu na kuja na gunia la udongo wa Bugoye kama mtu anayekuja na unga, kwa sababu hakuuamini udongo wa hapa. Kwetu kazi hiyo ni ya wanawake, na wavulana wenzako walikupitia kila jioni: "Baluku, unaolewa lini?" Nilikuwa ndani, nikakusikia ukiwajibu bila kuinua kichwa, "Leteni kwanza mbuzi." Nikajua utakuwa sawa. Mimi nilishika kazi ya wanaume wakanizoea. Wewe umeshika ya wanawake watakuzoea.

Sasa tufike kwenye kichwa.

Nilikutazama miezi miwili ukikifinyanga. Nyanya alikaa kila siku baada ya chakula, akilalamika.

"Masikio yangu si makubwa hivyo. Mtu atadhani ni tembo wa Kikorongo."

"Yanakua, Nyanya. Masikio ya wazee yanakua."

"Ya kwangu yalikataa."

Lakini uliyaacha makubwa, na ulifanya vyema. Ulikifanya kinene kama kidole gumba, chenye mabega, kikubwa kuliko nilichowahi kuthubutu. Uliponda vigae vya vyungu vilivyovunjika ukavichanganya na udongo ili ustahimili moto, ukapima kwa kikombe, ukaandika vipimo. Hilo ulilitoa kwangu, na nilifurahi. Ulikikausha wiki tano. Jumatatu ile ulikipasha moshi mchana kutwa, jioni ukakizungushia matete, magome na majani makavu, ukawasha. Moto ulipokwisha ulikifunika kwa vigae na majivu, ili kipoe polepole mpaka kesho yake jioni.

Jumanne asubuhi ilibidi umpeleke Nyanya hospitali ya misheni Kisinga kwa ajili ya macho yake. Ulisimama mlangoni ukaniambia, "Mama, asikiguse mtu mpaka nirudi." Nikakujibu, "Nani atakigusa?"

Baluku, mimi ndiye niliyekigusa.

Ninaandika hili polepole kidogo, kwa sababu ndilo hasa nililokaa kuliandika. Ufa ule si wako. Ulipokuwa njiani kwenda Kisinga mawingu yaliinuka kutoka mlimani, jambo ambalo wewe mwenyewe unajua huwa halidumu. Jua likapita chini kati ya mibuni likaangukia juu ya lile tuta la majivu, na moshi mwembamba ulikuwa bado unapanda. Miaka mingi nilikuwa na picha moja akilini: uso wa mtu unaotokeza kwenye majivu, nusu umezaliwa. Nilijua nikingoja jioni, mwanga utakuwa umekwisha na majivu yatakuwa yamekufa. Nilijiambia kwamba picha lazima ziwahi posta. Posta ilikuwa Ijumaa. Muda ulikuwepo. Haraka ilikuwa yangu.

Nikaleta kamera na miguu yake mitatu. Nikaondoa vigae vya juu kwa koleo, kimoja kimoja, mpaka paji la uso likatokea, kisha shavu, kisha sikio la kushoto. Joto lilinipiga usoni. Nilipiga picha tatu. Ni nzuri, mwanangu. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Wakati nabadilisha filamu, upepo wa baridi ukashuka kutoka mlimani, nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjika ndani ya mfuko.

Mimi ni mtoto wa mfinyanzi. Nilijua mlio ule ni nini kabla sijautazama. Mtu mwingine yeyote wa mji huu asingegusa moto ule kabla ya wakati, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu. Ilihitaji mtu anayeujua udongo na anayeupenda mwanga, na kwa dakika kumi akaupenda mwanga zaidi.

Nikavirudisha vigae. Nikamwaga majivu juu yake, nikayasawazisha kwa mkono, hata lile jani la mgomba ulilokuwa umeweka juu nikaliweka upande uleule.

Ulirudi alasiri, ukangoja mpaka jioni kama ulivyopanga, ukafungua. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Hukupiga kelele. Ulisema tu, "Ni vigae. Niliponda vigae vichache." Nyanya, na macho yake mabovu, alipitisha ukucha ndani ya ufa kutoka juu mpaka chini. Kisha akanisogelea.

"Unanuka majivu," akaniambia.

"Nilikuwa nachoma takataka, mama."

"Mm," akasema, akaingia ndani.

Usiku ule niliandika: "Jumanne. Kichwa cha Nyanya kimepata ufa. Asubuhi mawingu yalikuwa juu." Nimeurudia mstari huo mara nyingi. Hauna neno hata moja la uongo, na sijawahi kuandika uongo mkubwa kuliko huo.

Yaliyofuata unayajua, ila hukujua kwamba kila siku yake ilikuwa mikononi mwangu. Hukugusa udongo wiki tatu. Ulimwomba baba yako akutafutie nafasi ya kupima kahawa ghalani. Ulisema mkono wako bado, na labda hautakuwa. Ningeweza kukuambia maneno sita ukaamka. Badala yake nilikupikia vizuri. Nilipokulazimisha tupeleke picha chuoni, ulikubali kwa sharti moja: "Wapelekee na ufa wake. Wakinikataa, wanikatae kwa walichokiona." Ulikuwa na akili kuliko mimi. Nami nikachukua penseli.

Niliwahi kujidanganya kwamba nilifanya hivyo ili wakuchukue. Sivyo. Nilijiambia pia kwamba ahadi yangu ilihusu nyuso za watu, na udongo si mtu. Sivyo vilevile. Kila nilipoutazama ufa ule nilijiona nimeinama juu ya moto wako na kamera. Nilikuwa najifuta mimi.

Mtu akikosea kwa haraka, kosa hilo ni dogo kama ule mlio. Kulifunika kwa mkono, taratibu, kwa ustadi, ndiko kunakokula miezi. Nakuambia hivyo kwa sababu una mikono yenye ustadi, na watu wa namna yetu wana vitu vingi vya kufunikia.

Leo baada ya misa, nyinyi mlipokwenda kuaga jamaa, nilikaa chumba cha giza. Nilichukua negativi ile nikaifuta penseli yote kwa pamba na spiriti. Karatasi ya picha imekuwa adimu tangu yule Mhindi wa Kasese afunge duka akaondoka. Nilikuwa na vipande vitatu tu. Kimoja nimekitumia kwa picha ya kweli, ufa ukiwa wazi kutoka sikioni mpaka shingoni. Na unajua? Ni picha bora kuliko ile ya uongo. Ufa unamfanya Nyanya aonekane kama mtu aliyekwisha kusema jambo zito na sasa anasubiri jibu. Kipande cha pili nimekitumia kwa mojawapo ya zile picha tatu za majivu. Zote mbili ziko pamoja na barua hii. Ile ya majivu ni yako. Uitazame au uichane, sitauliza.

Ipo pia barua ya mwalimu wako, kwa Kiingereza changu cha kusuasua. Nimemweleza kwamba picha aliyoipokea niliigeuza mimi bila wewe kujua, na kwamba ufa uliletwa na mimi nilipofungua moto. Sijaigundisha. Isome, na ukiona inakudhalilisha, useme kwa maneno yako. Sitarajii atafurahi. Anaweza kukuuliza maswali magumu. Anaweza hata kusema kwamba kijana ambaye mama yake anachezea picha arudi kwao; na likitokea hilo, litakuwa limetokea kwa ajili yangu, na mimi ndiye nitakayepanda treni kwenda kumwona. Lakini moyo wangu hauniambii hivyo. Mtu anayefundisha udongo amewahi kusikia mlio ule.

Furaha uliyokuwa nayo siku ya barua yao nimekunyang'anya, najua. "Wameuona na bado wananitaka." Hawakuuona. Pokea hii mahali pake, maana ni imara zaidi: vigae ulivyoponda vilitosha. Kipimo chako kilikuwa sawa. Unene ulikuwa sawa, wiki tano zilikuwa sawa, moto ulikuwa sawa. Kichwa kikubwa kile kilistahimili moto wote, na kingetoka kizima kama kingengojewa. Hakuna kitu ulichokosea. Kiandike kipimo kile kwenye daftari jipya na uanze nacho Kampala bila kuongeza hata kikombe.

Mimi nimemwambia Nyanya kwamba Jumamosi ijayo tunakwenda Bugoye kuchimba. Ameniuliza nataka udongo wa nini, nina picha. Nimemjibu nataka kumfinyanga yeye, kwa kuwa mjukuu wake anaondoka na kile kichwa kingine. "Masikio," akasema. Nikamwambia atayapata madogo. Kisha nikamweleza habari ya Jumanne ile. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilijua. Nilikuwa nangoja uchoke." Basi nimechoka, na ninajisikia mwepesi kama msichana.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya mashati yako, ukaisome ukiwa umeshafika mbali, nisiuone uso wako. Ndivyo nilivyozoea: watu wananitazama, mimi niko nyuma ya kitambaa cheusi. Lakini kesho lori la kukupeleka kwenye treni Kasese haliondoki kabla ya saa tatu, na wewe huamka mapema. Nitakupa mkononi baada ya chai. Utasoma pale studio, na mimi nitakaa kwenye kiti wanachokalia wateja, upande wa dirisha penye mwanga. Ukiwa na la kusema, sema. Usipokuwa nalo, nitazame tu mpaka utosheke. Nitatulia, sitageuza uso.

Mama yako